Robo Saa ya Ganzi

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tanuri linawaka, unga unafika, hatuna la kulalamikia ambalo mtu anaweza kulisema mezani. Goti lako linaendeleaje? Na mkaza mjomba, bado anakugombeza kwa kula huku miwani imening'inia puani? Mwambie namwamkia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi, tena imeletwa na dereva wa lori la unga, kama vile tunaishi zama za babu. Simu yangu, mjomba, si yangu. Ndiyo namba ya oda. Inakaa kaunta, mke wangu anaishika, mama mkwe anaishika, na mzee mwenyewe, baba mkwe, akiona ujumbe umeingia anausoma kwa sauti duka zima lisikie. Haya ninayotaka kukuambia yakisomwa kwa sauti, nitahama mji.

Unajua ninavyoishi. Tangu harusi niko kwa wakwe, chumba cha nyuma ya duka la mikate. Upande mmoja tanuri, upande wa pili ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta huo yuko mzee na redio yake. Akikohoa najua kama ni kikohozi cha unga au cha hasira. Sisi waoka mikate tunaamka alfajiri, kwa hiyo mapumziko yetu ni mchana, kati ya mikate ya asubuhi na donge la jioni. Huo mchana ndio muda wetu mimi na mke wangu. Uani watu wanafua, wanachekecha unga, wanacheka, na sisi ndani tunanong'ona kama wezi.

Na mimi nawahi, mjomba. Sijui niliandike vipi. Namaliza kabla hatujaanza. Mwanzoni nilisema ni uchovu, halafu nikasema ni joto la tanuri, sasa sina tena cha kusingizia. Yeye hanilaumu. Ananipapasa mgongo, ananiambia "usijali," ananitazama kwa huruma kama mtoto aliyeangusha sahani. Hiyo "usijali" yake inaniua. Bora angenitukana.

Mtaani tayari wananiita Aliyeolewa, kwa sababu niliingia kwenye nyumba ya mke badala ya yeye kuja kwangu. Hili nalo likijulikana nimekwisha. Wewe unauza dawa, unaona watu wa kila namna. Nisaidie. Na barua hii ukishaisoma, ichane.

Mpwa wako

*

13 Februari

Mpwa wangu wee,

Marahaba, marahaba sana. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio ya mkweo. Mkaza mjomba wako hajambo. Ameniuliza barua inasemaje, nikamwambia mpwa wako anauliza bei ya hamira. Akaniangalia tu.

Nimecheka, sitakuficha. Nimecheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa mwaka ule wa kwanza, kicheko kikaisha.

Sikiliza, bwana. Wewe si wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho. Kila wiki wanaingia hapa dukani wanaume wazima, wengine na suti zao. Wanaomba vidonge vya kichwa. Wanaondoka, wanarudi. Wanaomba plasta. Wanaangalia dari. Nikishaona mtu anaangalia dari najua, nashusha sauti namwambia, "Ile ya kupaka au ile ya kupuliza?" Wanapumua kama nimewafungua kamba.

Nimempa dereva kifurushi, amefikiri ni dawa ya mafua. Ni krimu ya ganzi. Inapunguza makali ya hisia pale kichwani pa mambo, ndipo mtu anapata nafasi ya kutulia. Unachukua kidogo, kama punje ya haragwe, usiniletee ulafi wako. Unapaka, unasubiri robo saa. Halafu unaosha. Rudia na mimi: unaosha, kwa maji na sabuni, vizuri. Usipoosha ganzi inahamia kwa mwenzio. Ukiona wekundu au muwasho, acha. Na ukipata siku ya kwenda mjini, kamwone daktari, maana krimu ni fimbo ya kutembelea tu, si mguu.

La mwisho. Mkeo asijue. Haya ni mambo ya wanaume. Mwanamke akishajua kwamba unapaka, kila siku atakuwa anawaza umepaka au hujapaka. Mwache afurahie, wewe nyamaza.

Kaza roho.

Mjomba wako

*

2 Machi

Mjomba wangu wee,

Shikamoo mara mia. Uishi miaka mingi, wewe na goti lako. Hapa sote wazima na mimi ndiye mzima kuliko wote.

Imefanya kazi! Natembea uani kama mwenye nyumba. Juzi redio ya mzee ilitangaza sijui bei gani ya unga imepanda, nikajikuta nacheka peke yangu. Nimeanza hata kupiga mluzi nikikanda. Mama mkwe ananiuliza, "Kulikoni baba?" nasema ni hali ya hewa.

Kuna jambo dogo tu. Ile habari ya kuosha. Mjomba, bafu liko ng'ambo ya uani. Kulifikia lazima nipite mbele ya mzee, anayekaa kwenye kreti lake karibu na mlango wa stoo, nipite mbele ya mama mkwe na majirani zake, nimebeba ndoo, mchana kweupe, halafu nirudi chumbani na taulo. Nilijaribu siku ya kwanza. Mama mkwe akauliza, "Unaoga saa hizi? Joto?" Jirani mmoja akasema, "Mwache, Aliyeolewa anajiandaa." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikarudi chumbani masikio yanawaka moto.

Kwa hiyo sasa naipaka nikiwa stoo, katikati ya magunia, nasubiri robo saa yangu nikijifanya nahesabu hamira, halafu najifuta na kitambaa kikavu. Nafuta vizuri sana. Sidhani kama kuna tofauti kubwa. Na ile punje ya haragwe niliiona ndogo, mimi natia kama kipande cha siagi.

Mke wangu siku hizi amekuwa kimya baada ya mambo. Analala anatazama dari. Nadhani ndiyo raha yenyewe, ama sivyo? Wewe una uzoefu.

Kifurushi kinakaribia kuisha. Tafadhali niongezee.

Mpwa wako mwenye furaha

*

9 Machi

Wewe,

Salamu nimepokea. Mimi mzima, lakini umenipandisha presha.

Kufuta na kitambaa kikavu si kuosha. Nani alikuambia ni kuosha? Unapaka kama siagi halafu unafuta na tambara la unga? Unamganzisha mtoto wa watu! Huo ukimya unaoniandikia si raha, mpumbavu mkubwa wewe. Mtu mwenye raha haangalii dari.

Chukua chupa ya maji chumbani na kitambaa kilicholowa na sabuni, au tumia kondomu juu yake. Nimeziweka kwenye kifurushi pamoja na krimu nyingine. Fanya nilivyosema au usinijue.

Mjomba wako

*

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumai nyumbani hamjambo. Mimi niseme mzima, maana sina homa.

Barua yako ilichelewa. Lori liliharibikia njiani, dereva akakaa huko. Ilipofika, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Nikuambie kwanza habari ya mikate. Mzee ana sheria yake ya tangu ujana: aliyekanda donge ndiye anayelionja, bichi, kwa ulimi wake mwenyewe, kabla halijaingia kwenye makopo. Hataki kijiko cha kupimia chumvi, anasema kijiko hakina familia. Basi siku ile nilitoka stoo, nikaenda chumbani, na nilipotoka chumbani mzee alikuwa anaita, donge la jioni limechelewa. Nikakimbia. Nikanawa mikono juu juu, nikakanda, nikachovya kidole, nikaonja. Sikupata chumvi. Nikaongeza. Nikaonja tena, hakuna. Nikaongeza tena, na tena, na kila nikionja ulimi ulikuwa mzito zaidi mdomoni, nikaja kugundua siusikii kabisa. Hata midomo siisikii. Nilijiuma nisijue.

Mikate ile yote ilirudi. Watu waliirudisha dukani imeng'atwa upande mmoja. Shule ilirudisha makreti mazima. Mzee alikata kipande, akatafuna, akatema, akaniuliza, "Ulionja?" Nikasema nilionja. Nilikuwa naongea kama mlevi. Akasema, "Mapenzi haya yatanifilisi," akaondoka. Hakukasirika sana, na hilo ndilo lilinitisha.

Lakini mjomba, nikiwa nimesimama pale na ulimi uliokufa ndipo nilipomwelewa mke wangu. Kwamba hivi ndivyo anavyokuwa yeye.

Kwa sababu ameshasema. Hakuniambia mimi, amemwambia mama yake. Kwamba hahisi kitu. Kwamba akiwa na mimi mwili wake unazimika. Mama mkwe akawaambia dada za mzee, wakaja, wakajifungia naye chumbani, wakamuuliza maswali ambayo nilikuwa nayasikia nyuma ya mbao. Aliwahi kuanguka? Anamfikiria mwanamume mwingine? Alikuwa analia anasema hapana, hapana. Sasa anakunywa mizizi. Inachemshwa kwenye sufuria la jikoni, chungu, harufu yake inashinda ya mkate. Anakunywa amesimama, anafumba macho, halafu ananitazama mimi na kuniambia, "Samahani."

Ananiomba mimi samahani!

Na wakwe wamebadilika, mjomba. Mimi ndiye wa kwanza kupakuliwa. Nikiingia uani wanawake wananyamaza kwa heshima. Jina la Aliyeolewa limekufa. Wananihurumia, mume mvumilivu. Sijawahi kuheshimiwa hivi maishani.

Niambie nifanye nini. Chochote, ila usiniambie niseme.

Mpwa wako

*

6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Sema.

Sina jingine. Kaa naye kitandani, mshike mkono, mwambie: mke wangu, huumwi, ni mimi nilipaka dawa sikuosha. Ni maneno machache kuliko barua zako. Atanuna, atalia, huenda akakurushia kiatu. Kisha ataacha kunywa mizizi.

Mimi ndiye niliyekuambia usimwambie. Nilikosea. Nilikuwa najiona mjuzi, muuza dawa mzima, nikakufundisha ujinga niliofundishwa mimi. Nimekaa kaunta wiki nzima siwezi hata kuwatania wateja. Kila anayeangalia dari namwambia nenda nyumbani kaongee na mkeo kwanza. Mwenye duka ananiuliza kama nimeokoka.

Sitakutumia krimu tena. Sema, mwanangu, kabla hao shangazi zake hawajamwambia jambo baya zaidi akaliamini.

Mjomba wako

*

5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Nilianza barua mara kadhaa nikaziingiza kwenye tanuri.

Sijasema. Nilijaribu. Niliacha ile krimu, nikawaza nikiacha tu kimya kimya atapona mwenyewe, na mimi sitakuwa nimesema kitu. Tukawa pamoja, na mara ile akanishika kwa nguvu, akasema, "Nimesikia! Nimekusikia!" Macho yake, mjomba, ungeyaona. Na wakati huohuo mimi nilikuwa nimeshamaliza. Akaanza kucheka kwa furaha yake, na mimi nikadhani ananicheka. Redio ya mzee ikazimwa ghafla upande wa pili, sijui kwa nini, huenda ni betri.

Kesho yake nilirudi stoo. Ilikuwa imebaki kidogo kwenye ile tyubu. Usiniulize kwa nini. Nilitaka nipone aibu siku moja tu, halafu ningeacha. Akafa ganzi tena, na safari hii hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema taratibu, "Basi nimeelewa." Sikuuliza ameelewa nini.

Sasa wamekaa kikao. Mzee ameamua mke wangu aletwe huko kwenu, kuna daktari wa mishipa ya fahamu kwenye hospitali kubwa. Na kwa kuwa wewe ni mjomba wangu na unajua dawa, atafikia kwako. Wamefurahi sana kwamba yupo mtu wa familia. Mama mkwe amesema, "Mungu hamtupi mja wake, huko kuna mjomba."

Anapanda basi Jumamosi. Mjomba, nakuomba. Nakuomba kwa jina la mama yangu, dada yako. Mpokee, mlishe, mpeleke kwa daktari, daktari hataona kitu, atarudi. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe akirudi, nimeshaamua.

Mpwa wako

*

21 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkeo amefika salama, ni mzima, anakula, na ametengeneza mkate kwenye jiko letu dogo mpaka majirani wamekuja kuuliza. Mkaza mjomba wako hataki hata kuachana naye jikoni. Kila akimpitishia sahani ananitupia jicho. Nadhani ameshanusa kitu, yule mwanamke hadanganyiki kwa habari za hamira.

Jana walikwenda kwa daktari. Daktari ni mama mtu mzima, alimgusa kwa pamba, kwa sindano, miguu, mikono, kila mahali. Kila kitu kinafanya kazi. Jioni tukiwa mezani mkeo anatusimulia, anacheka. "Eti mjomba, daktari kaniuliza kama mume wangu anatumia dawa yoyote, ya kupaka au ya kupuliza. Nikamwambia hapana daktari, angetumia ningejua. Yule hanifichi kitu. Nikamwapia."

Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Sikulipeleka mdomoni wala sikulirudisha.

Baadaye mkaza mjomba alipotoka kwenda kuosha vyombo, mkeo akaniambia jambo. Amesema, mjomba, mimi nampenda mume wangu, ila mwili wangu umemkataa. Nikiwa peke yangu ni mzima, nikiwa naye tu ndipo nakufa. Amesema hilo si jambo la mizizi wala la daktari. Amesema wewe bado kijana, una haki ya kupata mke ambaye mwili wake utakukubali, na wewe kwa wema wako huwezi kumwacha, kwa hiyo yeye ndiye atakayekuachia. Ameniomba mimi, mjomba wako, nikuandikie uje mzungumze talaka. Eti asikuaibishe mbele ya wazazi wake.

Unasikia? Anakuacha kwa kukuhurumia.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimeshafungua kabisa. Kilichotoka ni "pumzika, mwanangu." Mimi niliyekutukana wewe mpumbavu, nimekuwa mwoga kuliko wewe, mezani kwangu.

Panda basi. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Nakusubiri mpaka Jumapili. Usipokuja nitasema mimi.

Mjomba wako

*

26 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Dereva anasubiri, nje wanapakua unga, naandika nimesimama.

Siwezi kuja. Mzee ameniachia duka. Mgongo umemkamata, amelala, na jana aliniita kitandani kwake akanipa funguo zote, za duka, stoo na droo, mbele ya mama mkwe. Amesema hana mtoto wa kiume ila mimi. Nikiondoka nani atawasha tanuri? Nikisema naenda kwa mke wangu watauliza kuna nini, nami nitajibu nini? Kwamba mwenye funguo ndiye aliyemganzisha binti yao?

Nimepata wazo. Tyubu nimeitupa chooni, naapa, sitagusa tena. Mwambie mke wangu kwamba umeongea na daktari pembeni na daktari amesema ni uchovu tu, umepita. Mpe vitamini yoyote ya dukani kwako, yenye rangi. Anywe, arudi, atanisikia, ataamini amepona. Mimi nitawahi, basi, nitavumilia aibu yangu. Kila mtu atakuwa amepata chake na hakuna atakayeumbuka.

Ni uongo mmoja wa mwisho, mjomba. Baada ya huo sitakuomba kitu tena.

Mpwa wako

*

4 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Nimemwambia.

Nilimwambia Jumapili, mbele ya mkaza mjomba wako, kwa sababu sikutaka kumwambia peke yake kama mtu anayetongoza. Nilianza na mimi: ni mimi niliyetuma, ni mimi niliyesema yeye asijue. Nikaeleza dawa ni ya nini na inavyofanya kazi. Hakuniamini. Akaniomba nimletee moja. Nikaenda dukani nikaichukua. Aliifungua, akaipaka kwenye mdomo wa chini, akaenda kukaa dirishani. Mkaza mjomba alimshika bega, mkeo akautoa ule mkono kwa upole. Tulisubiri. Sisi wawili tumekaa tunamwangalia mgongo.

Halafu akajigusa mdomo kwa kidole. Akajigusa tena. Akasema, "Ndiyo hii."

Akalia, lakini kwa furaha kwanza. Alisema, "Kumbe mimi mzima. Kumbe ni mzima!" Alimkumbatia mkaza mjomba, wakazunguka. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kutabasamu, bwege mimi.

Ndipo akauliza. "Alijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Ulishaniandikia jinsi ya kudanganya. Lakini alikuwa ananitazama usoni. Nikamwambia, alijua siku ile mikate ilipoharibika kwa chumvi.

Alikaa chini. Akasema, "Siku ile nilikuwa sijaanza hata kunywa ile mizizi." Akafikiri. "Kwa hiyo alikuwa ananitazama nikinywa." Nikasema ndiyo. "Na nikimwomba samahani."

Ninakuandikia maneno yake kama alivyonituma, sikuongeza wala kupunguza. Amesema: "Kupaka ningemsamehe hata leo. Ningemcheka, ningemsaidia kuosha. Na mwambieni kwamba mimi nilikuwa namsikia. Zile siku anazoziona za aibu, ndizo siku nilizokuwa na mume."

Hatarudi. Ameanza kazi kwenye duka la mikate karibu na kituo cha mabasi, waliiona mikono yake ikikanda wakamchukua siku hiyohiyo. Anakaa na sisi mpaka apate chumba. Hataki barua yako, ameniomba nisimpe hata ikija. Anataka jambo moja tu kutoka kwako. Wazazi wake bado wanajua binti yao ni mgonjwa, na shangazi zake bado wanasema ana mwanamume. Anataka baba yake asikie kutoka kwako. Si kwa simu, si kwa karatasi. Usimame mbele ya mzee useme.

Na mimi nimemwahidi kwamba utasema. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuahidi kwa niaba yako. Nenda, mwanangu. Ukishasema, niandikie, na hata wakikufukuza njoo hapa, utalala sebuleni, tutajua la kufanya.

Mjomba wako

*

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Huku tu wazima. Mzee amepata nafuu ya mgongo, leo ameamka na kutembea mpaka dukani.

Nilikuwa nimejiandaa. Nataka ujue hivyo. Maneno nilikuwa nayo yote, niliyafanyia mazoezi mbele ya tanuri tangu barua yako ifike. Nilikuwa nakanda. Mama mkwe alikuwa kaunta, hakukuwa na wateja. Mzee akaja mpaka mezani, akaegemea, akaniangalia nikikanda. Nikaacha donge. Nikafuta mikono. Nikasema, "Baba."

Akanitangulia. Aliniwekea mkono begani, na hajawahi kunigusa tangu nimeoa. Macho yalikuwa yanamlengalenga. Akasema, "Pole, mwanangu. Tulikuozesha mtoto mgonjwa na hatukujua. Umevumilia sana. Pole."

Mjomba, mtu akipewa pole jibu linajulikana, linatoka lenyewe kabla hujafikiri.

Nimemwambia, "Nimeshapoa, baba."

Mpwa wako